Agosti, lami na watu milioni 21

Wairaki husema mwezi wa Agosti huunguza msumari ukiwa umepigiliwa mlangoni. Msemo huo haujatiwa chumvi sana. Karbala, mji ulio kusini-magharibi mwa Baghdad, huamka na joto ambalo Tanga au Mombasa tungeliita la adhuhuri, na ikifika saa nane mchana kipimajoto kinasoma nyuzi 44, 45, siku nyingine kinaikaribia 50. Agosti ya 2025 joto hilo liliwakuta mamilioni ya watu wakiwa barabarani kwa miguu. Wapo waliotoka Najaf, kilomita 80 hivi. Wapo waliotoka Basra, karibu kilomita 500, na wapo walioanzia Ras al-Bisha, ncha ya ardhi ya Faw ambako Iraki inakwisha na Ghuba inaanza. Hao wa mwisho huwa njiani wiki mbili na zaidi.

Hayo ndiyo matembezi ya Arubaini. Imam Hussein, mjukuu wa Mtume Muhammad, aliuawa Karbala tarehe 10 Muharram mwaka 61 wa Hijria, yaani Oktoba 680, na arubaini yake husomwa kila mwaka tarehe 20 Safar. Waislamu wa madhehebu ya Shia humiminika kwenye kaburi lake siku hizo. Haram ya Abbas, yaani jengo la kaburi la ndugu yake Hussein, ina mitambo ya kuhesabu watu kwenye njia kuu za kuingilia mjini. Mwaka 2023 ilitangaza kuwa walioingia walipita milioni 22. Mwaka 2024 na 2025 ilitaja zaidi ya milioni 21. Hiyo ni hesabu ya wenyeji wenyewe, na mwenye kuitilia shaka ana haki yake, lakini hata ukiigawa kwa mbili bado ni bahari ya watu. Hija ya 2024, kwa takwimu za Saudi Arabia, ilikuwa na mahujaji milioni 1.8.

Kwetu pia wanakwenda. Misafara hupangwa Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha, Mombasa na Nairobi, katika jamii za Khoja Shia Ithnaasheri na miongoni mwa Waafrika wa madhehebu hayo, na wengi hupanda ndege hadi Najaf, wakazuru kaburi la Imam Ali, baba yake Hussein, kisha wakakaza kamba za viatu. Swali linaloulizwa kwenye vikao vya maandalizi halihusu nauli tu. Watu wanauliza juu ya umati na juu ya jua, na kwa kawaida wanayauliza kama maswali mawili. Barabara ya Karbala huyajibu yote mawili kwa pamoja.

Tuanze na jua, kwa sababu hilo lina ratiba. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Arubaini hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, ikazunguka misimu yote kwa miaka 32 na ushei. Mwaka 2014 iliangukia katikati ya Desemba. Waliotembea mwaka ule hadithi yao ni ya blanketi. Usiku wa baridi katika nyanda zile huweza kushuka hadi nyuzi tano au sita, na mvua ya Karbala, iliyo haba sana, hunyesha miezi hiyohiyo. Ikinyesha, pembezoni mwa lami panageuka tope zito la udongo wa mto, na mtu analala na soksi mbili huku akigombea nafasi karibu na jiko la mafuta ya taa. Chakula cha njiani nacho hufuata hali ya hewa: wakati wa baridi utapewa shalgham, mboga ya mizizi iliyochemshwa kwa asali ya tende mpaka ikawa nyekundu ya damu ya mzee, moshi wake ukikupasha uso. Wakati wa kiangazi sufuria hiyo haionekani. Badala yake kuna tikitimaji lililopasuliwa na maziwa ya mgando yaliyopunguzwa kwa maji baridi na kutiwa chumvi.

Tangu Desemba ile tarehe imekuwa ikirudi nyuma bila kuangalia nyuma. Mwaka 2018 ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mwaka 2022 katikati ya Septemba. Mwaka 2024 tarehe 25 Agosti, na 2025 katikati ya Agosti, kipindi ambacho wakulima wa tende wa Iraki wanakipenda kwa sababu ndicho kinachoivisha matunda mtini. Mwaka 2027 itakuwa mwishoni mwa Julai, na 2028 katikati yake. Hapo hakuna nafuu ya kutafuta.

Jambo hili linastahili kutazamwa kando ya Hija, maana zote mbili zinaongozwa na mwezi mmoja angani. Katika Hija ya Juni 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ikatangaza vifo 1,301. Maofisa walisema asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na vibali vya Hija. Walikuwa wametembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzikia. Sasa Hija inakitoka kiangazi, kwani kuanzia 2026 inaangukia Mei na kuendelea kurudi nyuma. Arubaini, ambayo huja siku 70 hivi baada yake, ndiyo kwanza inazama katikati ya kiangazi. Saudi Arabia inashusha pumzi. Iraki inavuta pumzi.

Lakini tazama walivyokufa wale wa Makka: nje ya mpango, nje ya hema, nje ya kivuli. Karbala hakuna kibali cha kutembea na hakuna hema la daraja la kwanza wala la pili. Kila aliye njiani yumo. Na hapo ndipo wanaozisoma habari hizi kwa mbali huteleza, wakadhani umati ni mzigo unaoongezwa juu ya joto. Jaribu kutembea peke yako kutoka Najaf hadi Karbala mchana wa Agosti ambao si wa Arubaini. Utakuta lami, vumbi, vituo vichache vya mafuta na malori yanayokupita kasi. Ni umati unaoleta kivuli pale. Umati ndio unaoleta maji.

Wanaoleta ni maukib, mabanda ya huduma yanayosimamishwa na koo, familia, misikiti na mitaa, maelfu kwa maelfu, moja likiishia lingine linaanza, kwa masafa ambayo huamini mpaka uyatembee. Mengine ni majengo ya kudumu yenye majiko na vyoo, mengine ni turubai na mazulia. Wenye maukib huweka akiba mwaka mzima, wengine ni wauza mboga na mafundi gari, na fedha yote inaisha ndani ya wiki mbili kwa watu wasiowajua. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ukarimu huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Msemo wetu wa mgeni njoo mwenyeji apone, kule unafanyiwa kazi kwa nguvu: mwenye banda husimama katikati ya njia, sinia kichwani, akikuzuia usipite. Humkatai kwa kusema umeshiba. Kila mtu ameshiba.

Simama kwenye banda moja ulitazame. Gari dogo la mizigo linarudi kinyumenyume, mapande ya barafu yenye urefu wa mkono yakiwa yamefunikwa magunia yaliyolowa. Kijana anayaburuta kwa ndoano, anayavunja kwa nyundo ndani ya pipa la bati, kisha anamwagia juu yake mamia ya vikombe vya plastiki vya maji vilivyozibwa kwa karatasi ya fedha. Kabla barafu haijatulia mikono imeshaingia. Pembeni yake mzee amejitwika bomba la mgongoni, lile lile ambalo mkulima wetu hupulizia mikorosho dawa, ila hili lina maji yenye marashi ya waridi, na kila kichwa kinachopita kinapata haki yake. Nyuma ya hapo kuna birika nyeusi kwa moshi, makaa yamekolea, na bilauri ndogo za chai zenye sukari iliyojaa theluthi ya chini, haikorogwi mpaka ushike wewe. Watu wanainywa ikiwa ya moto saa sita mchana, katika joto lile, na wanasema inapoza. Mimi nilibishana na hoja hiyo na bado nabishana nayo. Chai ya ndimu kavu ni habari nyingine. Waarabu wa Iraki huziita ndimu za Basra, Wairani huziita ndimu za Oman, na tumbo lililokula wali wa mabanda manne kwa siku moja litazishukuru kwa jina lolote.

Mabanda pia ndiyo yanayogeuza saa. Kiangazi kimemfundisha kila mtu kutembea usiku. Ikifika saa nne asubuhi barabara ya Najaf inaanza kupwaya. Watu wamelala ubavu kwa ubavu ndani ya maturubai, mbele ya feni kubwa zinazopitisha upepo kwenye maji, miguu nje ya blanketi, simu kumi na tano zikichajiwa kwenye waya mmoja. Baada ya alasiri wanaanza kuamka. Magharibi ikishaswaliwa njia inajaa tena, na kuanzia hapo mpaka alfajiri ni mto wa watu: viti vya magurudumu, mikokoteni ya watoto, wanaotembea pekupeku kwa nadhiri, akina mama waliovaa baibui jeusi linalokusanya joto lote la dunia, bendera ndefu zimeinuliwa ili kundi lisipotezane. Usiku wa Agosti hauna baridi, maana nyuzi 28 au 29 bado zipo, ila jua halipo, na hiyo inatosha.

Anayepotea hutafutwa kwa nguzo. Kutoka Najaf hadi Karbala nguzo za taa zimepewa namba, moja hadi 1,452, na kati ya nguzo na nguzo ni mita 50. Nguzo 20, kilomita moja. Hakuna anayeuliza tumefika wapi. Wanauliza nguzo ya ngapi. Viongozi wa misafara ya kwetu huitumia kama dawa ya umati: tukutane nguzo ya 400, atakayetangulia asipite, atakayechelewa asikimbie. Kwa wazee husemwa kwa adabu zaidi, Bi Mkubwa tafadhali usitoke kwenye bendera, Babu tukikukosa kaa chini ya nguzo usisogee, kisha namba ya kiongozi inaandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya mkono kwa sababu simu itaisha chaji na mtandao utazidiwa. Watoto huvishwa bangili zenye jina na namba kwenye vituo vya watoto waliopotea. Vituo hivyo havikosi kazi.

Sasa upande wa pili, maana umati unaoleta maji huyanywa pia. Tarehe 12 Agosti 2025, siku chache kabla ya kilele, gridi ya umeme ya maeneo ya kati na kusini mwa Iraki ilianguka. Wizara ya umeme ilitaja joto lililopita kiasi, na mzigo uliopanda katika mikoa ya Babil na Karbala kwa ajili ya mamilioni ya wageni. Fikiria hesabu yake: kila feni iliyomwokoa mtu ilikuwa imeongeza uzito kwenye waya. Majenereta yakaanza kunguruma banda hadi banda. Siku mbili kabla ya hapo klorini ilikuwa imevuja kwenye kituo cha kusafishia maji katika barabara ya Karbala na Najaf, na zaidi ya watu 600 walitibiwa kwa kubanwa na pumzi. Bila klorini hunyweshi watu milioni 21. Katika msongamano ule hata dawa ya maji inataka ulinzi.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, haiko kwenye njia yenyewe. Iko mwanzoni na mwishoni mwake, pale umati unaposimama. Njiani watu wanakwenda na upepo unapita. Mpakani hawaendi. Kivuko cha Mehran, ambako Wairani wengi huvukia, hukusanya watu kwenye uwanda wa vumbi wakisubiri mhuri au basi, na mwaka 2022 Iran ilibidi ifunge vivuko vya nchi kavu kwa muda na kuwasihi raia wake wasiende tena kwa sababu upande wa pili ulikuwa umefurika. Kisha kuna barabara za magari. Agosti 2024 basi lililobeba mahujaji wa Pakistan kuelekea Karbala lilipinduka mkoa wa Yazd, Iran, likaua watu 28. Mtu anajiandaa kwa malengelenge miezi mitatu, halafu anapanda basi la dereva ambaye hajalala.

Mwisho wa njia ni mlango wa haram. Septemba 2019, katika Ashura, siku nyingine kubwa ya mji huohuo, watu 31 walikufa Karbala kwa kukanyagana. Arubaini ina unafuu wake katika hili: haina saa moja ambayo kila mtu lazima awe mahali pamoja. Watu huingia mjini kwa siku nyingi na kutoka kwa siku nyingi. Desturi imejijenga kwamba anayefika hutoa salamu, huswali, huondoka, akampisha anayekuja. Wengi hawaligusi kaburi kabisa. Wanasimama nje wakiwa wanaliona kuba, wanasoma ziara yao, machozi yanawatoka, wanageuka. Mgeni anayetoka mbali, aliyelipa tiketi ya ndege na kutembea usiku kucha, hili humuuma, na kiongozi mwenye busara humwambia mapema kabla ya safari, si langoni.

Ipo njia nyingine kwa wasiotaka lami wala kelele za vipaza sauti. Wenyeji huiita njia ya wanazuoni. Inatoka upande wa Kufa, inafuata Mto Furati ndani ya mashamba ya mitende, ni ndefu zaidi na ina vumbi la shamba, ila kivuli chake ni cha miti na si cha turubai. Wakati wa utawala wa chama cha Baath, chama cha Saddam Hussein, haikupendwa kwa ajili ya kivuli. Matembezi yalikuwa yamepigwa marufuku, na mitende ilimficha mtu. Februari 1977, Safar ilipokuwa msimu wa baridi, watu wa Najaf walitoka kwa miguu kinyume na amri. Serikali ikatuma jeshi, wengi wakakamatwa, wengine wakauawa. Barabara ilijaa tena baada ya utawala huo kuanguka mwaka 2003. Wazee wa Kiiraki waliotembea gizani kati ya mitende huwacheka kidogo vijana wanaolalamikia foleni ya choo.

Kwa anayekusudia kwenda miaka hii ya Julai na Agosti, yapo mambo ambayo waliokwenda huyarudia bila kuchoka. Viatu viwe vya zamani, vilivyokwishajua mguu, na namba iwe kubwa kidogo kwa sababu nyayo huvimba kwa joto. Soksi zibadilishwe kila kituo. Lengelenge lisipasuliwe njiani. Mabanda ya huduma ya kwanza yamejaa vijana wenye sindano safi, na wa pembeni yao atakukanda miguu upende usipende. Kiu isisubiriwe. Pakiti za dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini zinunuliwe huku nyumbani, maana maji matupu, bilauri kwa bilauri, hayarudishi chumvi iliyotoka na jasho. Aliyeacha kutoa jasho, ngozi ikawa kavu na maneno yakaanza kuchanganyika, huyo si mchovu, ni mgonjwa wa joto, na anatakiwa kupelekwa kivulini, kumwagiwa maji mwilini na kuonwa na daktari saa hiyohiyo. Taka nazo: kila kikombe cha plastiki kinachookoa mtu huangukia barabarani, na usiku unatembea juu ya vikombe hivyo kama juu ya maganda ya mayai. Wenye mabanda hufagia kila asubuhi. Jioni hakuna dalili ya kuwa palifagiwa.

Wenye shinikizo la damu, wenye kisukari na waliopita miaka 70 wanaweza kusubiri Arubaini irudi Desemba, lakini hiyo ni mwaka 2046 au hapo karibu, na hakuna mzee anayekubali ahadi ya namna hiyo. Kwa hiyo viongozi wa misafara wamepata njia ya katikati. Wazee hupandishwa gari Najaf baada ya magharibi, wakateremshwa mbele, wakamalizia kwa miguu na wenzao. Anayeshukia nguzo ya 1,100 amebakiwa na nguzo 352, kilomita 17 na nusu hivi. Kwa mwendo wa kibibi, na vituo vya chai, hiyo ni kazi ya usiku mmoja kabla jua halijatoka.